Bwana Shomvi na Sabuni za Limbiko

Jinsi Bwana Shomvi Kitwana alivyofika nchi ya Limbiko hakuna haja ya kusimulia. Njia ilikuwa ndefu, viatu vikaisha soli, akafika. La kusimuliwa ni yale aliyoyaona huko, na zaidi ni yale aliyoyafanya, ambayo mwenyewe asingependa yasimuliwe, na ndiyo maana tunayasimulia sisi.

Kwao, Bwana Shomvi alikuwa mwandishi wa gazeti. Kila Jumapili aliandika safu iliyoitwa "Tujirekebishe", na humo aliwakemea watu kwa kutema mate barabarani, kwa kuruka foleni benki, kwa kuchelewa kwenye ndoa na kuwahi kwenye pilau. Alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, na alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi kabla ya kusema, ili watu wajue linakuja jambo. Aliposikia kwamba Limbiko imeingiliwa na maradhi, na kwamba watu wake ndio wenye adabu kuliko wote duniani, alifunga safari akajionee jinsi watu wenye adabu wanavyougua.

Alipokewa na mjane mmoja mchangamfu, Bi Sikudhani, aliyekuwa akikodisha chumba cha uani. Bi Sikudhani aliishi na bintiye Mwantumu, mjamzito wa kukaribia kujifungua, ambaye mumewe alikuwa baharia na hakuwa nyumbani. Jioni ile walikula mihogo ya nazi, na mgeni akaelezwa habari za maradhi.

"Yanaitwa homa ya viganja," alisema Bi Sikudhani. "Kwanza viganja vinawaka moto, kisha mwili mzima. Mwenye nguvu anaamka. Mzee na mtoto mchanga, hao ndio tunaowaogopea."

"Na madaktari wanasemaje?"

"Wanasema mawili tu. Tunawe mikono kwa sabuni, na tusibanane."

Bwana Shomvi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo mawili, tena mepesi. Akaomba maji ya kunawa. Bi Sikudhani akamletea maji na jivu la jikoni.

"Sabuni je?" aliuliza mgeni.

Mwantumu aliinamisha uso asionekane akicheka. Mama yake alimtazama mgeni kama anavyotazamwa mtu aliyeomba kukata nyama kwenye ng'ombe wa mahari. "Sabuni, baba, ni ya akiba, na yetu bado tunaiwekea pesa. Ukiitumia itakuwaje akiba?"

Asubuhi Bwana Shomvi alikwenda Duka Kuu, ambalo ndilo supamaketi la mji ule, akakuta Walimbiko wamebanana mlangoni mpaka wengine hawakuwa wakikanyaga chini. Walibanana kwa adabu kubwa. Aliyekupiga kiwiko alikuambia "samahani, ndugu yangu" kabla hajakupiga cha pili. Kila mmoja alikuwa anakwenda kununua sabuni ya kumkinga na maradhi yanayoletwa na kubanana.

Ndani aliikuta sheria yao imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Iliitwa Sheria ya Kutozidiwa, nayo ilisema kwamba kila mnunuzi ana haki ya kuchukua sawasawa na alichochukua jirani yake, na kimoja juu kwa ajili ya tahadhari. Baraza lao la kutunga sheria liliitunga ili kuleta usawa. Kwa hiyo hakuna aliyetazama rafu. Kila mtu alichungulia toroli la mwenzake, akahesabu kwa midomo, akarudi kuongeza, na mwenzake, akiona limeongezwa, naye akarudi.

Jirani wa Bi Sikudhani, Bwana Hatibu, fundi saa mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akisukuma toroli lililojaa miche ya sabuni mpaka hakuona mbele. Bwana Shomvi alimsimamisha.

"Ndugu yangu, nyumbani huna sabuni?"

"Ninayo, alhamdulillahi. Chumba cha wageni kimejaa. Wageni siku hizi tunawapokea barazani."

"Sasa hii ya nini?"

"Inakwisha, bwana. Huoni watu wanavyonunua?"

"Inakwisha kwa sababu mnanunua."

"Hasa!" alisema Bwana Hatibu, akafurahi kwamba mgeni ameelewa upesi, akapita.

Bwana Shomvi aliamua kuwa mfano. Alichukua toroli tupu, akaenda kusimama mbali na sabuni, kifua mbele, ili Walimbiko waone jinsi mtu mzima asiye na hofu anavyosimama dukani. Bahati mbaya mahali aliposimama palikuwa ni mbele ya rafu ya dawa ya viatu.

Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Yule mgeni hanunui sabuni."

"Kwa nini hanunui?"

"Mgeni huyo, katoka nje. Atakuwa anajua kitu. Angalia alipojiweka."

Bwana Shomvi hakuwahi hata kuvuta pumzi. Watu walimmiminikia kwa samahani nyingi, wakamsukuma kando, na dawa ya viatu ikaondoka yote, nyeusi na kahawia, hata ile iliyokauka kwenye makopo. Kati ya wale waliong'ang'ania alimwona mwenyeji wake Bi Sikudhani, ambaye alikuwa amefika na pesa zake zote za sabuni, akitoka na kapu limejaa makopo mpaka juu, uso umemng'aa kama aliyeokoka.

"Ungeniambia mapema, mgeni wangu," alimlaumu njiani. "Mtu na mwenyeji wake hawafichani."

Bwana Shomvi akamweleza kwamba dawa ya viatu haikingi homa yoyote. Bi Sikudhani akatabasamu kwa ujanja. "Sawa, baba. Nami nikiulizwa nitasema hivyo hivyo."

Tangu siku ile ule mji ulikuwa na viatu safi sana na mikono michafu.

Serikali ya Limbiko haikulala. Ilikuwa na Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Tulizo, mtu aliyezungumza taratibu kama anayembembeleza mtoto, na kazi yake ilikuwa kutangaza kwenye vipaza sauti vya barabarani vitu vilivyopo kwa wingi. Akisema, "Ndugu wananchi, unga upo wa kutosha," watu waliacha walichokuwa wakifanya, mganga na sindano yake, kinyozi na kichwa alichokifikisha nusu, wakakimbilia unga. Kwa sababu, walisema, kama upo wa kutosha, kilichomfanya autaje ni nini? Ikapendekezwa Waziri anyamaze. Akanyamaza asubuhi moja, na ukimya wake ukawatisha watu, wakanunua mpaka mishumaa ya mazishi.

Bwana Shomvi alipata kiti katika Baraza siku walipojadili kama rafu tupu ni dalili ya uhaba au ni dalili ya uzalendo. Mzee mmoja wa upande wa serikali alisema rafu tupu ni fahari, kwani inaonyesha bidhaa zimeshawafikia wananchi. Mpinzani wake akasema ni aibu, na kwamba serikali makini ingechora picha za sabuni, ikazibandika kwenye rafu, ili macho ya watu yashibe. Hoja ikapita kwa kishindo. Picha zikachorwa na mchoraji hodari, zikabandikwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri zilikuwa zimenunuliwa zote. Bwana Hatibu alipata kubwa, akaitundika sebuleni.

Kila alichokiona Bwana Shomvi alikiandika kwa ajili ya safu yake, kwa maneno makali. Aliandika kwamba hofu ni nusu ya ujinga na nusu ya uchoyo. Akaisoma sentensi ile kwa sauti, akaipenda, akaisoma tena. Kisha akaenda kununua mche mmoja wa sabuni.

Mmoja tu, na ulikuwa wa utafiti. Mwandishi hawezi kuandika habari za kitu asichokigusa. Siku iliyofuata alinunua mwingine, kwa sababu ule wa kwanza aliuonea huruma kuutumia, na mtu lazima anawe. Lakini ule wa pili nao, alipouweka karibu na wa kwanza, alihisi utulivu wa ajabu tumboni, utulivu ambao Mheshimiwa Tulizo na vipaza sauti vyake vyote hawakuwahi kumpa. Akawaza kwamba safari ya kurudi ni ndefu. Akawaza kwamba kwao nako homa inaweza kufika. Akawaza kwamba yeye si kama wao, kwa kuwa wao wananunua kwa hofu na yeye ananunua kwa kufikiri. Akawa anakwenda Duka Kuu alfajiri, kofia imeshushwa hadi kwenye miwani, na kurudi amebeba kitu ndani ya koti. Sabuni zikajaa chini ya kitanda. Zilipozidi, akakiinua kitanda, akakiweka juu ya sabuni, hata ikambidi kulala pua yake karibu na dari. Na mikono alinawa kwa jivu.

Mchana mmoja wa joto Mwantumu alishikwa na uchungu.

Mkunga alikuwa Bi Kauthari, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa ule. Alifika anahema, akavua mtandio, akanyoosha mikono mbele yake kama vitu visivyo vyake.

"Nimetoka kwa mgonjwa wa homa, na njiani nimepita katikati ya foleni," alisema. "Simgusi huyu mtoto mpaka ninawe kwa sabuni. Iko wapi?"

Bi Sikudhani akaanza kutafuta. Alifungua kabati, akafungua sanduku, akafungua kapu. Yalitoka makopo ya dawa ya viatu, kopo baada ya kopo, yakabingirika sakafuni.

"Shoga, jivu halifai?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jivu nimeshawahi kunawa," alisema Bi Kauthari. "Yule mtoto tulimzika. Usinirudishe huko. Nitafutieni sabuni, na mfanye haraka."

Chumbani Mwantumu akapiga ukelele.

Bwana Shomvi alikuwa amesimama uani, na mtu angedhani kwamba sasa angeingia chumbani kwake. Hata miguu yake ilidhani hivyo, ikaelekea huko. Lakini kichwa kikaiambia miguu kwamba mtaa mzima una sabuni, kila nyumba inayo kuliko yeye, na kwamba litakuwa somo kubwa kwa Walimbiko kama watajifunza kutoa wao wenyewe. Akageuka, akatoka nje mbio kwenda kuwafundisha.

Alianzia kwa Bwana Hatibu. Alivuta pumzi. "Ndugu yangu, binti wa jirani yako yuko katika saa ya hatari. Mche mmoja tu!"

Bwana Hatibu alisikitika kwa dhati, hata machozi yakamlengalenga. "Masikini Mwantumu. Nimemwona akizaliwa huyo. Lakini sabuni yangu nimeiweka kwa ajili ya shida."

"Na hii siyo shida?"

"Hii ni shida yao, bwana. Ile ni ya shida yangu."

Nyumba ya pili walimwambia mwenye ufunguo hayupo. Ya tatu walimwuliza kama yeye mwenyewe hana, na hapo Bwana Shomvi akaikumbuka haraka nyumba ya nne. Alizunguka mtaa wote akihubiri, na mahubiri yake yalikuwa mazuri, pengine mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatoa. Aliwauliza wameutupa wapi utu wao. Aliwaambia hata wanyama hawafanyi hivi. Bibi mmoja alilia kabisa, akamshukuru kwa maneno yale, akafunga mlango.

Aliporudi mikono mitupu, Bi Sikudhani alikuwa amekaa kizingitini. Alimtazama tu, kisha akatazama mikono yake, kisha akajifunika uso kwa kanga. Ndani, sauti ya Mwantumu ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito na ya chini. Bi Kauthari alikuwa bado uani, amenyoosha mikono yake hewani, na sasa yeye pia machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Bwana Shomvi akaingia chumbani mwake, akafunga mlango.

Na hata hapo, msomaji, hata hapo hakuchukua mche mzima. Alipapasa mpaka akaupata uliokuwa mdogo kuliko yote, akajaribu kuuvunja katikati. Sabuni za Limbiko ni ngumu. Akauweka kwenye ukingo wa kitanda, akaupiga kwa kiatu. Akaupiga tena kwa nguvu. Kitanda kikayumba, na ile minara yote iliyokuwa chini yake ikateleza. Kitanda kikaanguka upande, kikausukuma mlango, mlango ukafunguka, na sabuni zikamiminika uani kama mahindi yanavyotoka kwenye gunia lililopasuka. Zilipita mbele ya Bi Sikudhani. Zilipita kwenye lango mpaka barabarani, walikokuwa wamesimama majirani waliomfuata kusikia mwisho wa mahubiri.

Katikati ya sabuni alikaa Bwana Shomvi, kiatu kimoja mkononi.

Bi Kauthari tu ndiye aliyeinama, akaokota mche uliokuwa karibu na mguu wake, akasema, "Maji!" Bi Sikudhani akamwagia. Mkunga akanawa mpaka viwikoni, povu likawa jeupe, harufu yake ikajaa uani, na watu wa Limbiko wakasogea kuitazama kama jambo walilolisikia zamani kwa babu zao. Kisha akaingia ndani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kali. Mama yake alitoka jasho, akalala.

Ndipo Bi Sikudhani akamjia mgeni wake. Alikuwa na mengi ya kusema, na Bwana Shomvi alikuwa amejiandaa kuyapokea yote. Lakini alisema moja tu. "Uliwaona njiani, baba, ukawaomba. Mimi nilikuwa hapa mlangoni pako, hukuniona?"

Bwana Shomvi alivuta pumzi. Akaitoa hivyo hivyo, bila neno.

Kilichomwumiza zaidi ni kwamba Walimbiko wengine hawakumlaumu hata kidogo. Bwana Hatibu alimpa mkono kwa heshima. Mheshimiwa Tulizo mwenyewe alikuja kwa gari, akayatazama marundo, akasema taratibu kwamba hajapata kuona mgeni aliyeielewa nchi yao upesi namna ile, na akamtunuku uraia palepale. Bwana Shomvi alitaka ardhi immeze. Ardhi ya Limbiko ilikuwa imejaa sabuni, haikuwa na nafasi.

Kwa aibu tu, wala si kwa wema, akatoa beseni nje ya lango, akalijaza maji, akaweka mche mmoja pembeni, akaandika kwa mkaa ukutani: NAWENI. Watu walipita mbali. Walidhani ni mtego. Kisha akaja Bwana Hatibu, akatazama kulia na kushoto, akatumbukiza vidole. Akatumbukiza viganja. Alisugua polepole, macho ameyafumba, na uso wake ukalegea. Akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi, mbele ya nyumba ya Bwana Hatibu, palikuwa na beseni. Na pembeni yake palikuwa na miche ya sabuni, sawasawa na uliowekwa na Bwana Shomvi, na mmoja juu.

Basi moto ukashika. Jirani wa pili hakukubali kuzidiwa na Hatibu, wa tatu hakukubali kuzidiwa na wa pili. Watu wakawa wanachungulia mabeseni ya wenzao, wanahesabu kwa midomo, wanarudi ndani kuleta zaidi. Walisukumana kutoa kama walivyosukumana kununua, kwa samahani zile zile. Mikono ikatakata, homa ikalegea, na kule kwa wagonjwa watu wakaanza kuamka. Baraza lilikaa siku nzima kujadili nani asifiwe, likaishia kuisifu Sheria.

Bwana Shomvi akaona wakati wa kurudi kwao umefika. Alikwenda kuaga. Mwantumu alikuwa amekaa barazani, amepata nguvu, na mama yake akamwambia mgeni, "Kanawe, kisha umpakate mjukuu wangu kabla hujaondoka." Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara kwamba amesamehewa, au karibu na hivyo. Akanawa vizuri, akampokea mtoto kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani kama mtu aliyepewa kitu cha kioo. Mtoto akashika kidole chake.

Wakati huo alipita mwanamke barabarani, hatua za haraka, ndoo kila mkono.

"Kuna nini, mama?" Bi Sikudhani alimwuliza.

"Sijui, dada, lakini nimeona wenzangu."

Akapita mwingine na pipa kichwani. Akapita Bwana Hatibu, sufuria mbili na kopo la chai. "Maji!" mtu alisema kwa mbali, na neno likapanda mtaa kama upepo. Mabeseni ya kunawia yakainuliwa na maji yake yakamwagwa, ili yawe matupu ya kuchotea. Bi Sikudhani alikuwa ameshaingia ndani na ametoka na ndoo. Mwantumu, uzazi wote ule, alinyakua birika. Mtaa ukabaki mtupu, kandambili moja katikati ya njia.

Bwana Shomvi alibaki barazani amesimama wima, hajasogea hata hatua. Mheshimiwa Tulizo, aliyepita kwa gari akielekea kisimani, alimwona kutoka dirishani, na jioni ile vipaza sauti vyote vya Limbiko vilimtangaza kuwa mtu pekee nchini aliyeonyesha utulivu. Alipofika kwao alikuta habari imemtangulia. Gazeti lilichapisha picha yake, na watu walimsimamisha sokoni kumpongeza.

Anapopongezwa, huvua miwani na kuifuta. Kwa sababu anajua vizuri kwamba magoti yake yalikuwa yameshakunjwa, na macho yake yalikuwa yameshaona ndoo iliyobaki nyuma ya mlango, tena kubwa, yenye mfuniko. Kilichomzuia ni kwamba mtoto alikuwa amelala, bado amemshika kidole, na barazani pale, kulia na kushoto, hapakuwa na mtu wa kumpa.